Kiberiti Kilikaa Kwangu

Nyinyi vijana wa nyumba hii, na wenzenu mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Jumamosi tunamzika mtu, na baada ya maziko tutapanda magari twende shambani, na huko kuna jambo litafanyika ambalo babu yenu amelikubali na mimi sijui kama ataliweza. Mnamwita huyo mtu Babu Bomu, mnacheka. Acheni. Alikuwa fundi, na hapa nitamwita Fundi mpaka mwisho. Sitawaambia alizaliwa lini wala baba yake alikuwa nani. Hakunieleza na sikumwuliza. Sisi tuliokimbia, ukimwuliza mtu sana ametoka wapi, anakuona kama wale wa uhamiaji.

Naandika nikiwa nimechoka. Nimezika watu wengi, na nilidhani katika nchi hii ya baridi nitapumzika kidogo. Basi someni hivyo hivyo, msitafute maneno matamu.

Nilimjua kwenye uzio. Mnajua nyuma ya jengo letu hapa mtaa wa Weston kuna maegesho, halafu uzio wa waya, halafu ile gereji ya mbao. Ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nimepanda lengalenga, mchicha wetu, kando ya uzio, maana udongo wa pale hauna mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwona kanisani, Mgoa wa Tanga, mrefu, na tai hata siku ya joto. Siku hiyo alikuwa ametoa meza nje, na juu yake amepanga vitu vya shaba vifupi, vinene, midomo imeangalia juu, vinang'aa. Nikaona ni vinu.

Nikamwambia, "Mzee, hivyo vinu ni vya kitunguu saumu? Nigawie kimoja."

Alinitazama kama nimemtukania mama. "Mama, hii ni mizinga."

"Mizinga ya nini, midogo hivyo?"

"Ya kupiga mlio."

"Ya kumpiga nani?"

"Nimesema mlio. Mlio haumpigi mtu."

Hapo ndipo tulipoanza kukosana, na hatukuacha tena. Lakini baada ya siku kadhaa aliniita kwenye uzio, akanipitishia kinu cha shaba na mchi wake, vimefungwa kwenye gazeti. Kilikuwa sawasawa na vile vingine, ila hakikutobolewa lile tundu dogo la utambi. "Hiki hakina tundu," akasema. "Hakiwezi kitu kingine, kazi yake ni yako tu." Ndicho mnachotwangia pilipili mpaka leo, mnakiacha na maji kwenye sinki, na mimi nawagombeza kila siku.

Mizinga yake ilikuwa ya namna hiyo tu, mifupi, inayotupa juu. Mkubwa kuliko yote ulikaa kwenye kiganja. Aliikereza kwa mashine iliyojaza gereji nzima. Gari lake lililala nje kwenye theluji, na mashine ililala ndani imefunikwa blanketi. Mkewe, mama mmoja mpole mwenye mdomo wa wembe, aliniambia, "Miaka yote ya ndoa mimi sijafunikwa blanketi kama lile dudu." Fundi alikuwa anasikia. Akasema, "Wewe hupati kutu." Mkewe akacheka mpaka akashika uzio.

Kazi yake ilikuwa ya polepole ya kuudhi. Angeweza kukaa na kipande kimoja cha shaba msimu mzima wa baridi, anatoa unga kidogo, anapima, anatoa tena. Ukisimama mlangoni ukaongea, hajibu. Ukiendelea, anazima mashine, anakaa, anakusubiri umalize kama mtu anayesubiri treni ipite. Alisema, "Ukiniona nina haraka, ondoka." Kila akienda kwenye mashine alivua tai na kuitundika msumarini, isije ikavutwa na chuma. Lakini siku ya kwenda kupiga mizinga aliivaa na kuinyoosha vizuri. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Unapokea mgeni na shati wazi?"

Hakupiga mjini hata mara moja, hilo mjue, kabla hamjasema aliwasumbua majirani. Kulikuwa na shamba la Mzungu rafiki yake, huko juu, ukishapita Richmond Hill. Jumamosi walikutana pale wazee wenzake wenye mapenzi hayo, kila mmoja na mizinga yake kwenye sanduku kama mtu aliyebeba tarumbeta. Wanaweka baruti kidogo, juu yake gololi, wanawasha utambi, wanarudi nyuma. Gololi inapaa, halafu wazee wazima na vipara vyao wanainama kwenye majani kuitafuta. Nilikwenda mara moja na mkewe kuona. Nilikaa kwenye gari, nimefunga vioo.

Tukirudi nikamwambia, "Mzee, unatengeneza kitu miezi na miezi, kinalia mara moja. Halafu?"

"Halafu tunanusa."

Alikuwa hatanii. Alisema sikukuu ya kanisa ya kwao Goa walipiga vinu vya chuma nje, Sakramenti ikitoka mlangoni, na moshi ule ukaingia kwenye nguo za wanawake, na nyumbani nguo hazikufuliwa upesi. Kwake yeye harufu ya baruti ilikuwa harufu ya sikukuu, ya wali, ya viatu vipya. Nilimsikiliza. Sikumwambia harufu hiyo kwetu Uvira, tulikokimbia, ilikuwa ya nini.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno. Alikaa benchi la mbele kanisani, na sisi tukiingia tumechelewa na watoto wetu, aligeuza shingo akasema, si kwa kunong'ona, "Wakimbizi wamefika." Nikamjibu siku moja nje, mbele ya watu, "Na wewe ulikuja na ndege ya waziri?" Alicheka, lakini tai aliilegeza. Kiswahili chetu alikicheka pia. "Mama Zawadi, hicho Kiswahili umekiokota wapi?" Nikamwambia, "Njiani, nikikimbia. Wewe chako uliletewa kwenye sahani." Hakuwahi kusifu chakula cha mtu. Hakuwahi kusema pole kwa urahisi. Alikuwa mpole kwa vyuma kuliko kwa watu.

Na jambo lililonishangaza zaidi, mtu huyu wa baruti hakupenda kelele. Kwaya yetu ilipoanza kupiga ngoma kwenye misa, yeye alitia pamba masikioni, wazi wazi, padri akimwona.

"Huoni aibu?" nikamwuliza. "Mtu wa mizinga unaziba masikio kwa ngoma?"

"Mzinga wangu unalia mara moja unanyamaza, mama. Ngoma yenu haijui kunyamaza."

Sasa niwaambie habari ya kiberiti, maana yote yanatoka hapo.

Alikuwa na sharti lake, alilolishika kuliko amri za kanisa. Baruti na moto havikai kwa mtu mmoja. Baruti yake ilikaa kwake, imefungwa vizuri, lakini kiberiti kilikaa kwa mkewe, jikoni, kwenye kopo la majani ya chai. Gereji haikuwa hata na sigara. Jumamosi, kabla ya kwenda shambani, lazima aingie jikoni na tai yake akaombe kiberiti. Mkewe anamwangalia usoni. Akiona amekasirika, au hajalala vizuri, anasema leo hapana, na Fundi anarudi kuvua tai. Sikuwahi kusikia wanabishana juu ya hilo.

Mkewe alipofariki, nilijua mambo ya mizinga yamekwisha. Tulipomaliza maombolezo alikuja mlangoni kwetu na kiberiti kimefungwa kwenye leso.

"Mama Zawadi, kaa na hiki."

"Mimi? Una mtoto wako wa kiume."

"Mwanangu nikikiomba atanipa. Wewe utaniuliza kwanza."

Basi nikakichukua. Tangu hapo, kila Jumamosi aliyotaka kwenda, alipanda lifti mpaka kwetu, akapiga hodi. Nilimsimamisha mlangoni. Umekula? Unaendeshwa na nani? Macho mekundu ya nini? Alinung'unika, "Huyu mama ni polisi." Lakini alijibu yote. Mara nyingine nilimnyima, akarudi bila neno. Na faida yake kwangu ilikuwa hii: nilijua. Hata kama ni mbali huko shambani, nilijua leo kuna mlio, na babu yenu alijua.

Maana babu yenu mnamjua. Siku za fataki, mji mzima ukifurahi, anabeba godoro mpaka kwenye korido, katikati ya kuta mbili, mbali na madirisha. Neema, mwenzenu, alicheka mara moja, hakucheka tena. Mtu aliyelala hivyo kwa miaka, mwili wake umeshajifunza, haungojei kuulizwa. Fundi aliambiwa kwamba Papa Zawadi, babu yenu, hapendi mlio. Akaitikia vizuri kabisa, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Alielewa kwamba babu yenu hapendi mlio kama yeye asivyopenda ngoma.

Halafu ikaja jubilei ya ndoa yetu. Zawadi, mama yenu, na wenzake wa kanisani walitaka mahali pa kuchoma mbuzi bila kuitiwa zimamoto, na Fundi ndiye aliyetuombea lile shamba. Mnaikumbuka, mlikuwapo wengine. Turubai nyeupe, viti, kwaya yote na ngoma zao, Wagoa wa parokia na birika zao za chai. Siku hiyo Fundi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Alipita huku na huku na kikapu kimefunikwa kitambaa. Nikamwuliza kuna nini humo. Akasema, "Mama, leo wewe ni bibi harusi, usiulize."

Alitaka kutupa heshima. Hiyo ndiyo heshima kubwa aliyoijua, na aliitaka iwe ya kushtukiza. Padri akainua mkono kutubariki, na Fundi, nyuma ya turubai, tai imenyooka, akawasha.

Kiberiti kilikuwa kwenye pochi yangu. Alikuwa ameazima cha mwenye shamba.

Ule mlio haukuwa mkubwa. Nasema hivyo sasa. Lakini nilipofungua macho nilikuwa na majani mdomoni, na sisi wote wa upande wetu tulikuwa chini. Kwaya nzima. Wanawake na vitenge vyao vya jubilei, kifudifudi. Mchoma nyama alikuwa chini na uma wake mkononi. Hakuna aliyepiga kelele, maana aliyezoea hapigi kelele. Na Wagoa na Wazungu walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wanatutazama chini. Padri yuko katikati, mkono bado uko juu.

Nikamtafuta babu yenu. Mnajua magoti yake, padri mwenyewe alimruhusu asipige magoti kwenye misa. Alikuwa amelala chini kifudifudi, amejikunja, na chini yake ilionekana miguu midogo yenye soksi nyeupe. Ni mjukuu wa Fundi, alikuwa amekuja mezani kuomba keki. Babu yenu alikuwa amemfunika mwili mzima, kichwa cha mtoto kifuani mwake. Mtoto hakuumia. Alikuwa anauliza kwa Kiingereza huu ni mchezo gani.

Fundi akatoka nyuma ya turubai anatabasamu. Akaona. Sijawahi kuona uso wa mtu unaanguka vile.

Nilisimama, nikafungua pochi, nikamwonyesha kiberiti. Nikasema, "Hiki hapa. Umewasha na nini?" Mbuzi tulimla baridi.

Baada ya siku ile mashine ilifunikwa blanketi, na blanketi halikuondoka. Yeye hakupiga hodi kwangu, na mimi sikusogea kwenye uzio, lengalenga ikakomaa ikatoa mbegu. Babu yenu alilala kwenye korido, na hazikuwa siku za fataki. Alikula, alikwenda kanisani, alisalimia watu. Ila akirudi anabeba godoro. Nilichoka kumwambia imekwisha, maana kila nilipomwambia imekwisha, haikuwa imekwisha.

Siku moja mchana hodi ikapigwa. Fundi, na tai, amemshika mjukuu wake mkono. Yule mtoto ana sahani ya keki ya nazi. Fundi alikuwa ameandaa maneno, niliona midomo inayarudia, lakini babu yenu akamkatiza.

"Umekuja nacho?"

"Nini?"

"Kile kilichonilaza."

Fundi akaingiza mkono kwenye koti, akakitoa. "Nimekileta ukitupe mtoni mwenyewe."

Babu yenu alikipokea, akakipima kwenye kiganja, akakigeuza, akachungulia tundu.

"Hiki?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na sikujua ni machozi ya nini, nikamwacha. "Mama Zawadi, njoo uone! Kitu cha kutwangia kitunguu kimenilaza mbele ya padri!"

Fundi hakucheka. Akasema, polepole, kama mtu anayeinua mzigo, "Nilikuambia mlio haumpigi mtu, mama. Nilikosea." Halafu akamgeukia babu yenu, akamshukuru kwa ajili ya mtoto.

Mto Humber uko hapo chini, dakika chache kwa miguu. Babu yenu hakwenda mtoni. Aliomba kitambaa, akakaa kwenye kochi, akaanza kukisugua. Tangu siku hiyo alikuwa anavuka kwenda gereji. Mmoja anakereza, mwingine anasugua. Wanaume wawili, hawaongei, mashine inanguruma kidogo. Mke wa Fundi angekuwepo angewacheka. Na godoro likarudi chumbani, si siku zote, lakini likarudi.

Ila sikilizeni vizuri hapa. Tangu siku ya jubilei, Fundi hakuja tena kuomba kiberiti. Hata Jumamosi moja. Alitengeneza mizinga mingine, mizuri kupita ile ya kwanza, yote ina tundu lake, na hakuna uliolia. Wenzake wa shambani walimpigia simu, walimtania, baadaye wakaacha. Alisema mgongo unamsumbua. Mtu aliyependa moshi kuliko chakula aliuacha kwa ajili ya jirani, na hakumwambia jirani. Sikumwomba aache. Niliona kiberiti kinakaa tu kwenye kopo langu la majani ya chai, nikanyamaza. Babu yenu pia aliona, na yeye akanyamaza.

Halafu uzee ukamshika. Masikio yalianza, akawa hahitaji pamba kwenye misa. Kisha miguu. Watoto wake walimpeleka kwenye nyumba ya wazee upande ule wa Flemingdon Park, na gereji ikafungwa. Kutoka hapa ni mabasi na mabasi. Tulikwenda, mimi na babu yenu, barafu imejaa njiani, tumeshikana kama walevi.

Tulimkuta dirishani kwenye kiti cha magurudumu, shati limefungwa vifungo vibaya, na tai juu yake. Nilimfungua, nikamfunga upya. Akaniachia, kitu ambacho zamani asingekubali.

"Mama Zawadi. Kiberiti kiko?"

"Kiko."

"Nini?"

"Kiko!"

"Usimpe mtu."

Halafu akamwangalia babu yenu muda mrefu. Akasema, "Mwenzangu, mkishanizika, nendeni shambani mkapige kimoja. Kile unachokijua. Baruti wataweka wenzangu wa kule, wewe ukishike tu mpaka wakiweke chini. Mara moja tu."

Nikamwambia, "Mzee, unajua unachomwomba?"

"Unasema?"

Ikabidi nipige kelele, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Unajua unachomwomba huyu?"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuambia mbele yake. Mara ile sikuwaambia."

Babu yenu alikuwa anaangalia mikono yake. Kusema asingesikika. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akakubali. Fundi naye akainamisha chake. Halafu akaanza kulalamika kuhusu wali wa pale.

Kwenye basi sikumsemesha babu yenu. Nilikuwa na hasira, nimechoka, viatu vimelowa. Karibu na nyumbani akasema mwenyewe, "Sijui kama miguu itanisimamisha." Nikasema, "Hata mimi sijui." Ndiyo mazungumzo yetu yote.

Jioni ile niliwaita wote mezani, Zawadi na mumewe, na nyinyi watoto mnaojibu kwa Kiingereza. Neema alikuwa anatwanga vitunguu kwenye kile kinu, nikamwambia aache kwanza. Niliwaambia, na leo simu imekuja kwamba amekwisha, narudia kwa maandishi asiwepo wa kusema hakusikia. Kiberiti nitakiwasha mimi. Nitasema kwa sauti kabla ya kuwasha, kila mtu atajua. Babu yenu akisimama, simameni naye. Akilala chini, laleni wote, na nguo zenu za mazishi, kwenye theluji, wakubwa na wadogo. Mtu wa nyumba hii asibaki amesimama akimtazama.